Nia Njema na Mlango wa Kiwanda

Vijana ninaowalea maabarani hapa Kilifi wana swali ambalo huniletea jioni, wenzao wakishaondoka. "Mwalimu, nikienda kufanya kazi kiwandani, nitakuwa nimeiuza elimu yangu?" Aliyeniuliza mara ya mwisho ni binti wa Takaungu, mshika dini, amemaliza shahada ya uzamifu katika mikrobiolojia, na mkataba wake wa utafiti ulikuwa umebakiza miezi michache. Mshahara hakuutaja hata kidogo. Kilichomsumbua ni nia. Alianza kusoma ili watoto wasife kwa maradhi yanayotibika, na alihofu kwamba akivuka kizingiti cha mfanyabiashara, nia ile ingevunjika mkononi mwake.

Nililichukua swali lake kwa uzito wote, kwa kuwa sisi walimu ndio tuliolipanda. Msimamizi wangu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa na ngazi yake ya heshima. Juu kabisa alikaa mtafiti anayechapisha makala, akafuata mwalimu wa chuo, na huko chini kabisa walikuwa "wale waliokwenda kuchemsha sabuni". Mwenzetu mmoja alipopata kazi katika kiwanda cha rangi, hakualikwa tena kwenye mihadhara ya idara, na alikuwa mkemia hodari kutushinda wengi. Hakuna aliyesema amefanya dhambi, lakini tulimtendea kama aliyefanya. Malezi hayo tuliyabeba, tukawarithisha wanafunzi wetu pasipo kuyapima.

Ninachoamini leo ni kwamba mwalimu aliyekabidhiwa elimu kama amana ana wajibu wa kuwapeleka vijana wake wakaone kwa macho yao mahali elimu hiyo inapofanyiwa kazi, viwandani pakiwemo, kabla hawajaamua waende wapi na maisha yao. Ninasema wajibu kwa maana ya dini na ya maadili, kwa hiyo siuhesabu kuwa hisani wala matembezi ya mwisho wa muhula.

Nianze na deni letu sisi wa pwani. Kituo cha utafiti cha KEMRI na washirika wake wa Wellcome kipo Kilifi tangu mwaka 1989. Chanjo ya malaria ya R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, ilijaribiwa kwa watoto takriban 4,800 katika nchi nne, na miongoni mwa vituo vya majaribio vilikuwamo Kilifi yetu na Bagamoyo kwa jirani zetu. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike Oktoba 2023. Akina mama wa vijiji vyetu walipanda matatu na watoto mgongoni, wakatoa mikono ya wanao ichomwe na damu ichukuliwe, wakarudi tena na tena kila walipoitwa. Ujuzi ulipatikana kwa jasho lao. Chanjo yenyewe inatengenezwa Pune, India.

Sina ugomvi na Pune. Wamefanya kazi kubwa, na bei yao ni ya chini. Lakini Machi 2021, wakati wa Korona, India ilizuia chanjo zisitoke kwa sababu watu wake wenyewe walikuwa wanakufa, na bara letu likabaki linangoja foleni. Afrika hutengeneza chini ya asilimia moja ya chanjo inazotumia. Wataalamu wa kusoma chembe za damu tunao, tena wa kiwango cha dunia, na wa kubuni majaribio tunao pia. Tulio na uhaba nao ni wale wa kusimama kwenye mtambo saa nane za usiku na kujua kwa nini bechi ya leo imetoka tofauti na ya jana.

Katika dini yetu kuna faradhi ya kila mtu na kuna faradhi ya kutoshelezana. Hii ya pili wakiitekeleza baadhi, dhima inawaondokea wote. Asipopatikana wa kuitekeleza, jamii nzima inabeba lawama. Watu wengi wanaikumbuka kwenye sala ya maiti. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliieneza mbali zaidi katika kitabu chake, Ihya. Humo aliingiza udaktari na hesabu, halafu akaenda mpaka kwenye kilimo, ufumaji na ushonaji, kazi ambazo msomi wa mjini angezipita bila kuzitupia jicho. Akalalamika pia kuhusu hali ya zama zake: miji ambayo haikuwa na tabibu hata mmoja Mwislamu, ilhali vijana walirundikana kwenye mijadala ya fikihi, fani ambayo tayari ilikuwa na watu wa kutosha. Sababu aliiona waziwazi. Fikihi ilimpa mtu cheo, nafasi ya ukadhi na sauti mbele ya watawala. Utabibu haukumpa hayo.

Kila nikiisoma sehemu hiyo naiona idara yangu. Tumerundikana pale palipo na cheo, na pale jamii inapotuhitaji tumepaacha wazi.

Huyu huyu Ghazali ndiye anayenipa jibu kuhusu usafi wa nia. Mwaka 1095 alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa kuliko vyote katika elimu ya wakati wake, Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, na mamia ya wanafunzi miguuni pake. Akakaa na nafsi yake, akaikagua nia yake katika kufundisha, akakuta si kwa ajili ya Mungu peke yake. Kilichomsukuma kilikuwa umaarufu. Aliugua hata sauti ikamkatika darasani, kisha akauacha mji. Basi mtu asiniambie kwamba maabara ya chuo ni pahali pasafi na kiwanda ni pahali pachafu. Nimewaona watafiti wakigombania nafasi ya jina kwenye makala kwa ukali wasiokuwa nao ndugu wa baba mmoja wakigawana mashamba. Nimeona swali la maana likiachwa kwa kuwa mfadhili wa mwaka ule hakulitaka. Hadithi ya matendo na nia, ambayo Bukhari ameifungulia kitabu chake, haikutaja jengo. Inamuuliza mtu alichokikusudia, popote alipo.

Baada ya mazungumzo na yule binti, nilipiga simu kwa kiwanda kimoja cha dawa kilichoko Eneo la Viwanda, Nairobi, ambako mwanafunzi wangu wa zamani ni mkuu wa udhibiti wa ubora. Tulikwenda kikundi kidogo, tukapanda treni ya SGR kutoka Miritini. Niliwakataza kuvaa suti. Niliwaambia kila mmoja aje na maswali matatu ambayo angeona haya kumuuliza mtu anayempa kazi.

Kabla ya kuingia ndani ya kiwanda cha dawa mtu huvuliwa alichonacho. Saa, pete, viatu, vyote kabatini. Unanawa mikono hadi juu ya kifundo, unavaa kofia ya nywele, kitambaa cha mdomo, ovaroli na viatu vya humo ndani, unapita mlango wa kwanza, unangoja ufungwe ndipo wa pili ufunguke. Hewa imepangiwa njia yake ya kwenda, ili vumbi la dawa moja lisiingie katika chumba cha nyingine. Kijana mmoja wa kundi letu, Mgiriama na Mkristo, alininong'oneza kwamba amepata kuona padri akijiandaa kwa misa bila uangalifu kiasi hiki. Mimi nilikuwa nimekumbuka udhu.

Chumba kilichotushika kilikuwa cha kupimia. Ni kidogo, kina mizani mbili, na humo ndimo malighafi hugawanywa kwa ajili ya bechi moja. Mpimaji alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliweka chombo, akarudisha mizani kwenye sifuri, akachota unga, akasoma namba kwa sauti. Mwenzake aliyesimama pembeni akaitazama ile namba kwa macho yake, akairudia, akaandika. Wote wawili wakatia saini. Kisha chombo kingine, vilevile tangu mwanzo. Hakuna aliyefanya haraka, hakuna aliyesema "si tumeshapima kama hiki jana". Juu ya meza palibandikwa karatasi yenye maneno ambayo watu wa kazi hiyo wanayajua kama jina lao: kisichoandikwa hakikufanyika.

Tulipotoka nje nikawauliza vijana wangu Waislamu, aya ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu nini? Walijua. Ni aya ya deni, iliyo katika Suratul Baqara, inayoamuru deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Tumeihifadhi tangu madrasa, tukaifikiria kuwa ni ya wakopeshaji. Mimi nilikuwa nimeiona ikitekelezwa mbele yangu na vijana wawili wenye glavu, kwa niaba ya mgonjwa ambaye hawatamjua kamwe. Na kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, inayowatishia wanaopunja vipimo. Kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza kinataka tembe ya parasetamoli iwe na kati ya asilimia 95 na 105 ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Anayeuza tembe yenye asilimia 70 amempunja mtoto mwenye homa, na sidhani kuna mpunjaji wa sokoni anayemfikia kwa ubaya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kila kumi za tiba ni duni au bandia. Vita dhidi ya upunjaji huo vinapiganiwa katika vyumba kama kile, na wasomi wetu wacha Mungu tunawaambia wasiende.

Binti wa Takaungu aliyatoa maswali yake mbele ya mkuu wa ubora. La kwanza: "Nani hapa ana mamlaka ya kuikataa bechi?" La pili: "Ulikataa lini mara ya mwisho?" La tatu: "Wakubwa walikufanya nini?" Mwanafunzi wangu wa zamani hakuanza kujibu kwa maneno. Alitupeleka kwenye ghala. Bidhaa zinazongoja vipimo zilikuwa na kibandiko cha manjano, zilizopita kijani. Nyuma ya uzio wa waya wenye kufuli kulikuwa na mapipa yenye kibandiko chekundu. Akatuonyesha kimoja: jina la dawa, namba ya bechi, tarehe, neno IMEKATALIWA, na saini yake. Tembe zile zilikuwa na kiasi sahihi cha dawa, rangi nzuri, uzito mzuri. Lakini kwenye kipimo cha kumomonyoka, ambapo tembe sita huwekwa katika vibomba sita vya kioo na kuchovywa juu chini katika maji ya nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu, hazikumomonyoka ndani ya dakika 15 zinazoruhusiwa. Mgonjwa angezimeza na zingempita zikiwa nzima. Kuhusu wakubwa alisema: meneja wa uzalishaji hakumsalimia wiki nzima, lakini hakuweza kumfuta saini, kwa sababu kanuni zinataka mkuu wa ubora asiwe chini ya mkuu wa uzalishaji.

Yule binti akainama, akaisoma ile saini kwa muda mrefu.

Hayo hayakuwa mageni kwake kama habari. Alikwisha kufundishwa kipimo cha kumomonyoka mwaka wa pili wa chuo, akakijibu kwenye mtihani. Surat At-Takathur inataja yakini ya elimu na yakini ya jicho. Muktadha wake ni wa kutisha, unahusu Moto, lakini wanazuoni wamezichukua daraja hizo kuelezea maarifa yote: kuna kujua kwa kuambiwa, na kuna kujua kwa kuona. Kijana anayeambiwa tu kuhusu kiwanda, na anayemwambia ni mwalimu ambaye mwenyewe hajawahi kukanyaga humo, hana hata ile yakini ya kwanza, ana uvumi. Na uamuzi uliojengwa juu ya uvumi, hata ukitokea kuwa sahihi, bado si wa kwake.

Wanafunzi wangu wengi husali istikhara kabla ya kuamua kazi. Wanafanya vyema. Lakini wanazuoni wameiambatanisha sala hiyo na kushauriana na wajuzi, na kutumia akili ambayo Mungu amekwisha kutupa. Nimemkuta kijana akiomba aongozwe kati ya njia mbili ambazo moja hajawahi kuiona hata mlango wake. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wazee wetu walisema, na pwani hii kila mtu anajua kwamba samaki hakuletewa nyumbani.

Sasa nije kwenye pingamizi ninalolionea uzito kuliko mengine, nalo si faida. Faida ya halali haijawahi kuwa aibu kwetu. Mtume mwenyewe alifanya biashara. Pingamizi ni siri. Anayeajiriwa na kampuni hutia saini karatasi ya kutotoa nje anayoyajua. Mtafiti amelelewa kuchapisha, na dini imemlaani mwenye kuficha elimu. Je, si ndiko kuficha kwenyewe?

Nimelizungusha jambo hili kwa miaka, na nimefika hapa: namna ya kutengeneza ni mali ya aliyeigharamia, kwa muda, na sheria ya hataza yenyewe inamtaka aieleze hadharani ili alindwe, kisha muda ukiisha iwe ya wote. Hilo mtu anaweza kulitunza bila kuitia roho yake doa. Lakini madhara hayana mwenyewe. Anayejua kwamba dawa inaua hana saini yoyote duniani inayomfunga mdomo. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za maji za kikohozi zilizotoka nje ya nchi zikahusishwa na vifo hivyo. Zilikutwa na diethilini glikoli, sumu inayojulikana tangu miaka ya 1930. Kuigundua kwenye malighafi si muujiza wa sayansi. Ni kipimo cha kawaida cha maabara, anachokiweza mhitimu yeyote mzuri wa kemia aliyepewa mashine, muda, na mkubwa asiyemwambia aruke hatua. Kati ya sumu ile na koo la mtoto palipaswa pawe na saini ya mtu kama yule tuliyemtembelea.

Kwa hiyo silambi viwanda miguu. Vipo ambavyo ningemwambia mwanangu asivikaribie: kinachotengeneza sigara, na kile ambacho mkuu wa ubora anapokea amri kutoka kwa mkuu wa mauzo. Ndiyo maana ziara ina thamani. Mgeni anayeuliza kuhusu kibandiko chekundu na kuonyeshwa uzio mtupu, au kuambiwa hakuna bechi iliyowahi kukataliwa, amekwisha kupata jibu lake.

Kuna jingine ambalo wasimamizi hulinong'ona, kwamba ukiwapeleka vijana huko watakuhama na mradi wako utakwama. Ni kweli, baadhi watahama. Lakini mwanafunzi si mali ya mradi. Wala hatuna pa kuwaweka wote; nafasi za kudumu ni chache na ruzuku zinatoka ng'ambo. Mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake, watafiti wa Afrika Mashariki waliamka na barua za kusimamishwa kazi, wengine wakiwa katikati ya ukusanyaji wa sampuli. Kumzuilia mtu asione mlango wa pili, nawe unajua wa kwanza unaweza kufungwa kwa barua moja kutoka Washington, ni dhuluma, hata kama unaifanya kwa mapenzi.

Na si wote wanaohama. Yule kijana Mgiriama, ambaye njiani alikuwa akitusimulia mfano wa talanta na mtumwa aliyeifukia yake ardhini, alisema baada ya ziara kwamba kiwanda si chake. Alipenda swali lisilo na jibu, na kule kila kitu kinatakiwa kitoke sawa na jana. Amerudi kwenye utafiti wa kinga ya malaria, na sasa anaufanya akijua alichokiacha, tena ananiuliza mapema kila mara: hii tukiipata, itatengenezeka kwa bei gani? Swali hilo sikuwahi kulisikia maabarani kwangu hapo kabla. Binti wa Takaungu aliomba kazi, akaipata, na yuko kwenye maabara ya mikrobiolojia ya kiwanda, akipima maji na hewa ya vyumba vile. Mama yake aliniambia bado anasoma Yasini kila alfajiri ya Ijumaa kama zamani.

Wakuu wa idara na wasimamizi wenzangu, hapahapa Kilifi kuna Revital Healthcare wanaotengeneza mabomba ya sindano yanayojifunga baada ya matumizi ya kwanza. Athi River wamekuwa wakitoa malighafi ya dawa ya malaria kutoka kwenye mmea wa artemisia. Arusha, A to Z wamekuwa wakifuma vyandarua vyenye dawa ndani ya nyuzi zenyewe tangu mwaka 2003. Mafinga wanasindika pareto. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kisichoweza kufikiwa kwa basi kutoka chuo fulani cha kwetu. Andikeni barua muhula huu, waombeni nusu siku, mpelekeni kila ambaye mkataba wake una mwaka mmoja au chini. Nanyi wenye viwanda, mkiletewa vijana hawa, msiwaishie kwenye ukumbi wa wageni kwa soda na filamu ya kampuni. Wafungulieni ghala, waone pia mlichokikataa.